Ukibadili Kioo cha Mbele, Usiisahau Kamera

Kama gari lako liko karibu, nenda ukasimame mbele ya boneti utazame sehemu ya juu ya kioo cha mbele, pale nyuma ya kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Ukiona kiboksi cheusi chenye lenzi inayotazama barabarani, gari lako lina kamera ya kumsaidia dereva. Lenzi zikiwa mbili, moja kulia na moja kushoto, na gari ni Subaru, huo ni mfumo wao wa EyeSight. Toyota nyingi ndogo za kuanzia 2015 zina kiboksi kimoja kilichobeba kamera pamoja na leza. Kipo pia kizazi cha Honda Fit na Mazda ambacho hakina kamera kabisa, kina leza tu nyuma ya kioo, nacho kinahusika na haya ninayoandika.

Kazi ya kiboksi chenye kamera ni kuangalia gari lililo mbele, mistari ya barabarani, na kwa baadhi ya magari mtu anayevuka. Kikiona mnakaribia kugongana hupiga kelele, na usiposikia hukanyaga breki chenyewe. Kikiona unahama njia bila kuwasha indiketa hukuonya, na magari mengine hugusa usukani kidogo kukurudisha. Usiku hushusha taa kubwa gari jingine likija.

Wenye magari wengi hawajui kama wana kitu hiki. Magari yetu mengi huja kutoka Japani yakiwa yametumika, na maandishi ya dashibodi ni ya Kijapani. Taa ya njano ikiwaka yenye picha ya gari na vialama vya mgongano, mtu huuliza jirani, jirani naye husema ni mambo ya Wajapani, achana nayo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo yanayoshushwa bandari ya Mombasa siku hizi ni ya wakati ambapo Toyota ilikuwa imeshaanza kuweka kamera hata kwenye Vitz, Aqua na Fielder. Tanzania haina marufuku ya namna hiyo, lakini ukipita yadi yoyote ya magari Dar es Salaam utayakuta hayohayo. Na yataongezeka tu, kwa sababu kuanzia Novemba 2021 Japani inalazimisha kila muundo mpya wa gari dogo linalotengenezwa huko uwe na breki za dharura za kujikamata zenyewe.

Sasa lori limerusha kokoto, kioo kimepasuka. Fundi vioo anakuja, anakata gundi ya zamani, anatoa kioo, anachomoa kamera na kuipachika kwenye kioo kipya, anabandika. Kazi safi, hakuna maji yanayopenya, hakuna kelele ya upepo. Anawasha gari na kwenye dashibodi hakuna taa iliyowaka. Mteja analipa na kuondoka akiamini mambo yamekwisha.

Taa kutowaka hakuthibitishi chochote. Kompyuta ya kamera huwasha taa inapogundua kwamba haioni, au waya umekatika, au imepewa kamera mpya ambayo haijafundishwa gari lile. Magari mengine yatakuonya baada ya kubadili kioo, mengine hayatasema neno. Kamera ileile ikirudishwa kwenye kioo kingine na ikaona barabara vizuri, inaweza kuendelea na kazi kwa vipimo vya kioo cha zamani. Inaona, ila inaona sivyo. Ni sawa na kumvalisha mtu miwani ya jirani yake na kumwambia aendelee kuendesha.

Makosa yenyewe ni madogo kwa macho lakini makubwa kwa hesabu. Kamera moja haina futi ya kupimia umbali. Hukisia kwa kuangalia matairi ya gari lililo mbele yanagusa lami sehemu gani ya picha, yaani chini kiasi gani ya upeo. Ili hesabu itoke sawa, lazima ijue iko juu ya ardhi kiasi gani na imeinama digrii ngapi. Chukua kamera iliyofungwa mita 1.3 kutoka ardhini. Gari lililosimama mita 50 mbele yake linagusa lami kama digrii 1.5 chini ya upeo. Kamera ikikosea mwinamo wake kwa nusu digrii tu, gari hilohilo laweza kuhesabiwa kuwa liko mita 75. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa unakula zaidi ya mita 22 kila sekunde, kwa hiyo mita 25 za makosa ni sekunde moja na ushee. Breki za dharura huishi ndani ya sekunde hiyo.

Kosa la upande halina nafuu. Digrii 1 kulia au kushoto ni mita 1.75 ukifika umbali wa mita 100, na njia moja ya barabara kuu ina upana wa mita 3.5 hivi. Lori lililo njia ya pembeni, linalokwenda zake, kamera inaweza kulichora mbele yako.

Nusu digrii inatoka wapi? Kamera hukaa kwenye kishikio kilichogundishwa kwenye kioo. Chukulia kishikio hicho kina urefu wa sentimita 10: kikinyanyuka milimita 1 upande mmoja, tayari umeivuka nusu digrii. Gundi iliyowekwa nene juu na nyembamba chini hubadili mlalo wa kioo chote. Mkunjo wa kioo chenyewe ukitofautiana kidogo na wa kiwandani, picha hupinda kabla haijafika kwenye lenzi. Fundi anaweza kuwa hodari kuliko wote mjini na bado asiweze kuondoa tofauti hizo kwa mikono. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari wanataka kamera ilengwe upya kila kioo kinapobadilishwa, au hata kamera ikichomolewa tu na kurudishwa. Mafundi wa kazi hii huiita kalibresheni.

Ni kweli kwamba gari lenye rada ya mbele hulinganisha inachosema rada na inachosema kamera, na kamera nyingi hujirekebisha kidogo zenyewe zikiwa safarini. Msaada huo una mpaka mdogo. Haukuwekwa ili kufidia kioo kizima kilichobadilishwa, na gari ambalo rada na kamera havikubaliani laweza kuamua kutofanya kitu wakati ulipolihitaji lifanye.

Utajuaje kama kamera imepotoka? Wakati mwingine gari litakuambia kwa vurugu: linakamata breki pasipo na kitu, linapiga kelele kwenye kona kwa sababu ya gari lililoegeshwa pembeni, usukani unavutwa kidogo upande mmoja, taa kubwa haziteremki gari likija. Breki kujikamata katikati ya barabara kuu huku trela liko nyuma yako si jambo la kusimulia kwa kicheko. Hata hivyo mimi huogopa zaidi ile iliyopotoka bila kusema. Mwenye gari ameshazoea kwamba linamsaidia, ameshalegeza macho kidogo kwenye foleni, halafu siku moja bodaboda inakatiza.

Huko yalikotoka magari haya, kazi yenyewe haiachiwi kila mtu. Kuanzia Aprili 2020 sheria ya Japani inaitaka gereji inayotoa kioo cha mbele chenye kamera, au inayolenga kamera hiyo, iwe na kibali maalum. Gereji zilizokuwa zikifanya kazi hizo tangu zamani zilipewa muda hadi mwisho wa Machi 2024 zijipange. Sisemi hivyo kuwadharau mafundi wetu. Fundi vioo mzuri anajua kazi yake ya kioo, na kulenga kamera ni kazi nyingine yenye vifaa vyake. Kosa ni mteja kudhani kwamba amelipia zote mbili.

Kwa hiyo swali linaulizwa kabla kioo hakijakatwa: nani atalenga kamera, wapi, lini, na kwa bei gani? Fundi akijibu kwamba hiyo haihitajiki kwa sababu amebadili vioo vya magari kama hilo mengi na hakuna aliyerudi, mshukuru na utafute mwingine, au kubaliana naye abadili kioo tu na wewe mwenyewe utafute wa kulenga. Akikuambia ana mtu anayeshirikiana naye, muulize vifaa anavyotumia. Vifaa hivyo nitavieleza mbele.

Kwanza kioo chenyewe. Gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa lilitoka kiwandani na kamera au bila kamera, na vioo vyake havifanani. Chenye kamera kina kishikio, na kwenye rangi nyeusi ya ukingo wa juu kimeachwa kidirisha safi kabisa kwa ajili ya lenzi. Usiagize kwa kusema "kioo cha Harrier". Toa namba ya chesisi, na umtumie muuzaji picha ya kioo cha zamani ikionyesha kile kiboksi na sensa ya mvua kama ipo. Kuna mafundi ambao wakikosa kioo chenye kishikio hukibandua kile cha zamani na kukigundisha kwenye kioo cha kawaida kwa kukadiria. Kataa. Hapo hata mashine ya kulenga yaweza kushindwa, na ikikubali, kishikio hicho chaweza kubanduka siku ya jua kali.

Je, lazima kioo kiwe cha kampuni iliyotengeneza gari? Kwa Subaru yenye kamera mbili ningejitahidi sana kiwe cha kwao, na ndivyo Subaru yenyewe inavyoshauri. Mfumo wao hupima umbali kwa kulinganisha picha mbili, na kioo chenye mawimbi hata kidogo huharibu ulinganisho huo. Kwa magari mengine kioo cha kampuni nyingine chenye kishikio sahihi na kidirisha kisicho na upotovu hukubalika mara nyingi. Kioo kilichotolewa kwenye gari jingine nacho ni chaguo ambalo watu wengi hulidharau bila sababu. Kilitoka kiwandani na kishikio chake, ila kikague kingo zisiwe zimemegeka wakati wa kukatwa, na sehemu ya mbele ya kamera isiwe na mikwaruzo ya waipa.

Wala si kila ufa unadai kioo kipya. Kioo cha mbele ni tabaka mbili za kioo zilizobanana na filamu ya plastiki katikati, na kidoa kidogo cha kokoto kinaweza kujazwa gundi maalum kikabaki salama kwa miaka. Ukiwahi kabla uchafu haujaingia, utaokoa fedha na utaepuka habari zote za kulenga. Isipokuwa kidoa kikiwa pale mbele ya lenzi. Pale kujaza hakufai, kwa sababu alama inayobaki, hata kama wewe huioni, kamera inaiona.

Kuhusu gundi nitasema machache. Inayotakiwa ni gundi ya vioo vya magari ya poliurethani, si silikoni ya bafuni. Hukauka kwa unyevu wa hewani, na muda wa kusubiri kabla ya kuendesha umeandikwa na mtengenezaji: nyingine saa moja, nyingine nusu siku au zaidi. Heshimu muda huo, maana kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria ukifumuka hujiegemeza kwenye kioo cha mbele, na kioo ambacho hakijashika kitatoka chote. Katika muda huo acha dirisha moja wazi kidogo, ili mlango ukifungwa kwa nguvu hewa isikisukume kioo kikahama mahali pake. Na kamera isilengwe kabla gundi haijashika.

Tuje kwenye kulenga kwenyewe. Kuna njia mbili, na mtengenezaji wa gari ndiye anayeamua ipi, wala si fundi. Magari mengine yanadai zote mbili.

Njia ya kwanza hufanyika gari likiwa limesimama. Mbele ya gari huwekwa ubao wenye michoro maalum ya aina hiyo ya gari, kwa umbali na kimo kilichoandikwa kwenye maelekezo. Kompyuta ya fundi huunganishwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani, kamera inaamrishwa itazame ubao, na kwa kuwa inajua ubao uko wapi hasa, inajipigia hesabu imekaaje. Ugumu wote uko kwenye kuweka ubao. Sakafu lazima iwe bapa. Gari liwe tupu, buti lisiwe na mifuko ya saruji, upepo wa matairi uwe ule ulioandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na tangi la mafuta liwe kama maelekezo yanavyotaka. Mwanga uwe sawa, jua lisipige ubao upande mmoja, na nyuma ya ubao kusiwe na mabango wala ukuta wenye mistarimistari. Kisha fundi hutafuta mstari wa katikati ya gari. Wengine hutumia leza, wengine huning'iniza timazi kutoka katikati ya bampa la mbele na la nyuma, wakavuta uzi na kuchora sakafuni, ndipo wapime kwa futi hadi kwenye ubao.

Ukishajua hilo huhitaji kuwa fundi ili kumkagua fundi. Aliyechomeka kompyuta, akabonyeza vitu viwili vitatu, taa ikazimika, akasema tayari, huyo amefuta kumbukumbu ya hitilafu tu. Hakuna ubao, hakuna futi, hakuna timazi wala leza, na gari limesimama kwenye kokoto chini ya mti. Kamera ya gari linalodai ubao haiwezi kulengwa hivyo. Kampuni kama Autel, Launch, Bosch na Texa huuza kompyuta pamoja na mbao zake na fremu za kuzishikilia, na mawakala wa magari wana vifaa vya kampuni zao. Fundi mwenye kompyuta ya Launch bila mbao ana nusu ya kifaa.

Njia ya pili ni ya kuendesha. Kompyuta ikiwa imeunganishwa na kuamrishwa, gari huendeshwa kwa mwendo uliotajwa na mtengenezaji, mara nyingi juu ya kilomita 40 au 60 kwa saa, kwenye barabara yenye mistari inayoonekana vizuri, hadi kamera iseme imetosheka. Huweza kuchukua dakika kumi au nusu saa na zaidi, kutegemea barabara. Hapa kwetu ndipo penye kazi, kwa kuwa barabara nyingi mistari yake imefutika na foleni haikupi huo mwendo. Dar es Salaam jaribu Kimara kwenda Kibaha mapema asubuhi siku ya Jumapili. Nairobi jaribu Thika Road saa hizohizo. Mvua ikinyesha au jua likiwa chini mbele ya macho, ahirisha. Wawe watu wawili garini: mmoja anaendesha, mwingine anatazama kompyuta. Anayefanya yote mawili peke yake anatafuta ajali.

Kazi ikiisha, kompyuta nyingi hutoa ripoti yenye namba ya chesisi, tarehe na matokeo. Idai, iwe karatasi au picha kwenye simu. Halafu fanya jaribio lako la kawaida: barabara pana, tulivu, yenye mistari. Kwa magari yanayoonyesha alama ya njia kwenye dashibodi, angalia kama mistari ya pande zote mbili inatambuliwa. Sogelea mstari wa kushoto taratibu, kisha wa kulia, palipo salama, usikilize kama onyo linatoka tairi likiwa karibu na mstari kwa kiasi kilekile pande zote. Onyo la kushoto likitoka mapema na la kulia likichelewa, rudi kwa fundi. Breki za dharura usizijaribu. Kuna wanaopanga maboksi barabarani au kumsimamisha kijana mbele ya gari ili waone kama litasimama. Boksi huenda kamera isilitambue hata ikiwa nzima, na juu ya kijana sina la kuongeza.

Najua wengi wanaosoma hapa wako Songea, Bukoba, Kitale au Lodwar, na wa kulenga hayuko karibu. Hilo lisikufanye ukae na kioo kilichopasuka mbele ya macho. Badili kioo, halafu zima mfumo hadi utakapopata nafasi ya kufika mji wenye vifaa. Toyota nyingi zina kitufe chenye picha ya gari na neno OFF, ambacho hushikiliwa sekunde chache hadi taa ya njano iwake. Nyingine huzimwa kwenye menyu ya dashibodi, na kwenye Subaru nyingi vitufe viko juu, karibu na taa ya ndani. Magari mengi hurudisha breki za dharura kila unapowasha injini, kwa hiyo kuzima kunakuwa sehemu ya kuwasha gari, kama kufunga mkanda. Gari lililozimwa mfumo linabaki na breki zako za mguu na macho yako, na ndivyo tulivyoendesha magari miaka yote. Mimi ningependelea hilo mara kumi kuliko mfumo unaofanya kazi kwa vipimo vya kubahatisha.

Na kwa kuwa tumegusa vipimo, kuna jambo linalofanyika kwenye magari ya Japani mara tu yanapotoka bandarini ambalo huharibu hesabu ya kamera kuliko hata kioo. Tunayanyanyua. Matuta ni makubwa, gari liko chini, kwa hiyo huwekwa spesa juu ya springi au springi ndefu zaidi. Ukinyanyua mbele peke yake kwa sentimita 5 kwenye gari lenye mita 2.6 kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, umeinua pua ya gari kwa digrii 1 na zaidi kidogo, na kamera imeinuka nayo. Rudi kwenye ile hesabu ya mita 50 na 75 uone maana yake. Ukinyanyua mbele na nyuma kwa usawa, mwinamo unabaki lakini kimo cha kamera kimebadilika, na kimo nacho kimo ndani ya hesabu. Matairi makubwa kuliko ya kiwandani hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo anayetaka kunyanyua gari anyanyue kwanza, afanye alaimenti, ndipo akalenge kamera. Aliyelenga kamera leo akaweka spesa wiki ijayo ametupa fedha. Na wapo watengenezaji ambao maelekezo yao hayana nafasi kabisa kwa gari lililonyanyuliwa, hivyo fundi mwaminifu anaweza kukukatalia. Akikukatalia, zima mfumo, usimkasirikie.

Kwa wenye bima kubwa: kioo cha mbele mara nyingi kina kiwango chake cha juu kwenye mkataba, na kiwango hicho kiliwekwa kwa kufikiria bei ya kioo na kazi ya kubandika. Gharama ya kulenga kamera inaweza kubaki juu yako. Omba makadirio yaandikwe kwa kutenganisha, kioo kivyake, gundi na kazi kivyake, kulenga kamera kivyake, uyapeleke kwa kampuni ya bima kabla ya kazi na kupata jibu kwa maandishi. Kama gari lina kamera na bima yako inakaribia kuisha, huo ndio wakati wa kuuliza kama kiwango cha kioo kinaweza kuongezwa. Mwenye bima ndogo hapati chochote hapa, atajilipia mwenyewe.

Baada ya hapo matunzo ni madogo. Eneo la mbele ya lenzi libaki wazi. Stika ya usalama barabarani, ya bima, ya maegesho ya kazini, zote zina nafasi pembeni chini. Ukiweka tinti, filamu isipite mbele ya kamera, hata ile nyepesi. Kamera ya kurekodi safari isogezwe mbali na kiboksi. Zulia la manyoya la dashibodi na mafuta ya kung'arisha plastiki huakisi kwenye kioo jua likiwa juu, na kivuli hicho chaweza kuivuruga kamera. Ukisafisha kioo kwa ndani, pulizia dawa kwenye kitambaa, na lenzi usiiguse kabisa. Waipa zikianza kuacha mistari badilisha, zinafutia wawili sasa.

Anayenunua gari kwa mtu, badala ya kuagiza, ana jambo moja la ziada la kuangalia. Soma maandishi madogo kwenye kona ya chini ya kioo cha mbele, uyalinganishe na ya vioo vya milango. Vya milango vikiwa na jina la kampuni ya gari na cha mbele kikiwa na jina usilolijua, huenda kioo kilishabadilishwa. Muulize muuzaji ripoti ya kulenga kamera. Kama hana, na wengi hawatakuwa nayo, hiyo si sababu ya kuacha gari, ni sababu ya kupunguza bei kwa gharama ya kazi hiyo na kuendesha mfumo ukiwa umezimwa hadi ifanyike.

Leo, wakati kioo chako bado kizima, piga picha tatu uziweke kwenye simu: kiboksi cha kamera ukiwa nje, maandishi ya kona ya kioo, na namba ya chesisi. Siku utakapompigia simu muuzaji wa vioo ukiwa pembeni ya barabara, atakuuliza hizohizo.